Operata za makundi na takwimu za afya: uhusiano wa kweli uko wapi?

Msomaji mmoja anayesoma shahada ya uzamili ameuliza hivi: "Eneo langu ni uchambuzi wa kihisabati wa operata kwenye makundi. Dada yangu ni mtakwimu katika hospitali ya wilaya, na kila nikirudi nyumbani huniuliza hisabati yangu itamponya nani. Nimeona vyuo vikuu vya nje ambako idara moja inayataja mambo haya mawili pamoja, operata kwenye makundi na utafiti wa afya ya jamii. Je, uhusiano upo kweli, au ni maneno ya kuombea fedha za utafiti?"

Ndugu msomaji, uhusiano upo, lakini ni mwembamba kuliko unavyoelezwa katika maombi ya fedha, na hauko mahali ambapo wengi huutafuta. Hisabati yako haitamponya mgonjwa yeyote wa dada yako. Inachoweza kufanya ni kumwonyesha jambo gani bado limo katika madaftari yake na jambo gani limekwisha kufutika humo, kiasi kwamba hata akipewa kompyuta kubwa namna gani hawezi kulirudisha. Nitaanza na hesabu ndogo, kisha nipande.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa neno lenyewe. Dada yako akisema kundi anamaanisha watu: wajawazito, watoto wenye umri chini ya miaka 5, wazee. Wewe ukisema kundi unamaanisha seti ambayo vitu vyake viwili vyovyote vikiunganishwa hutoa kitu cha tatu kilichomo humo humo, mabano yakihamishwa jibu halibadiliki, kimo kitu kimoja kisichobadilisha chochote, na kila kitu kina mwenzake wa kukitengua. Kundi lenye manufaa zaidi katika ofisi ya dada yako ni siku za kalenda. Kusogea mbele siku 3 kisha siku 4 ni sawa na kusogea siku 7, kukaa pale pale nako kunahesabika kuwa msogeo, na kila msogeo wa mbele una msogeo wa nyuma wa kuutengua. Hilo ni kundi la namba nzima chini ya kujumlisha, na dada yako analitumia kila anapochora grafu ya wagonjwa kwa siku. Operata, kwa upande wake, ni kanuni inayopokea orodha nzima ya namba na kutoa orodha nyingine.

Sasa chukua wagonjwa wa kuhara. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba nusu ya wanaougua siku fulani huandikwa zahanati siku hiyo hiyo na nusu nyingine huandikwa kesho yake. Namba iliyomo daftarini kila siku ni nusu ya walioanza kuugua leo ikijumlishwa na nusu ya walioanza kuugua jana. Katika kijiji cha kwanza wanaugua watu 20 kila siku bila kubadilika. Katika kijiji cha pili wanaugua 30, kesho yake 10, keshokutwa 30, kisha 10, na kuendelea hivyo. Ukiacha siku ya kwanza kabisa, daftari la kijiji cha kwanza litaonyesha 20, 20, 20, na daftari la kijiji cha pili litaonyesha vile vile 20, 20, 20, kwa sababu nusu ya 30 na nusu ya 10 hufanya 20. Vijiji viwili vyenye hali tofauti kabisa, pengine kimoja kina kisima kinachochafuliwa kila baada ya siku moja, vimeacha daftari moja. Karani hakukosea, wala namba hazikupikwa. Habari imepotea ndani ya ucheleweshaji wenyewe.

Badilisha mfano kidogo ili asilimia 60 waandikwe siku hiyo hiyo na asilimia 40 kesho yake. Kijiji cha pili sasa kitaonyesha 22, 18, 22, 18. Tofauti ya 20 kati ya siku na siku imepungua hadi 4, yaani moja ya tano yake, na mtu anaweza kusema kwamba habari haikupotea, ni kuzidisha tu kwa 5 ili kuirudisha. Kimantiki ni kweli. Lakini namba za wagonjwa hutikisika zenyewe kwa bahati: pale ambapo wastani ni 20 kwa siku, na wagonjwa wanaugua kila mmoja kwa wakati wake bila kuathiriana, mtikisiko wa kawaida ni karibu kipeuo cha pili cha 20, ambacho ni kama 4.5. Alama tunayoitafuta ni 2 juu na 2 chini ya wastani, na imezama ndani ya mtikisiko huo. Ukizidisha kwa 5 unaizidisha alama na mtikisiko kwa pamoja, na grafu utakayompelekea mganga mkuu wa wilaya itakuwa na vilele na mabonde ambayo hayakutokea kijijini kamwe.

Hapa ndipo somo lako linapoingia. Operata ya ucheleweshaji niliyoieleza ina sifa moja kubwa: ukisogeza orodha ya wagonjwa siku 10 mbele kisha ukaipitisha kwenye operata, au ukaipitisha kwanza kisha ukasogeza jibu siku 10, matokeo ni yale yale. Operata inayopatana na misogeo yote ya kundi kwa namna hiyo huitwa konvolusheni. Jambo ambalo Joseph Fourier alilitumia katika kitabu chake cha 1822 kuhusu joto, na ambalo Georg Frobenius alilifungulia njia kwa makundi yenye idadi maalumu ya vitu kuanzia 1896, ni kwamba kila kundi lina mawimbi yake ya asili, wenyewe huyaita karakta. Katika makundi ambayo mpangilio wa kuunganisha haujalishi, konvolusheni haiwezi kuligeuza wimbi moja kuwa wimbi jingine. Inachoweza ni kulizidisha kwa namba yake. Operata nzima, hata ingekuwa jedwali la safu elfu, inavunjika na kuwa orodha ya vizidishi, kimoja kwa kila wimbi. Katika mfano wangu wa kwanza kizidishi cha wimbi la juu-chini-juu-chini ni 0.5 ukitoa 0.5, yaani sifuri. Katika mfano wa pili ni 0.6 ukitoa 0.4, yaani 0.2, ile moja ya tano yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Norbert Wiener alithibitisha jambo ambalo kwa maneno ya ofisi ya dada yako ni hili: ikiwa uzito wa ucheleweshaji unajumlika vizuri na hakuna wimbi hata moja ambalo kizidishi chake ni sifuri, basi ucheleweshaji huo unaweza kutenguliwa na operata nyingine ya aina ile ile. Kipo kizidishi sifuri, hautenguliki. Mtu wa takwimu za afya lazima aongeze sharti ambalo Wiener hakulihitaji, kwamba kizidishi kisiwe kidogo mno ukilinganisha na mtikisiko wa namba zake, kwa maana kwake yeye 0.01 na sifuri ni ndugu wa karibu sana.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni UKIMWI. Wagonjwa wa mwanzo waliripotiwa Marekani tarehe 5 Juni 1981, na kwa upande wetu wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tatizo la watafiti wa miaka hiyo lilikuwa kwamba walichokiona ni wagonjwa, na walichokitaka ni walioambukizwa. Bila dawa, mtu mzima aliyeambukizwa VVU hukaa kwa kawaida miaka kama 10 kabla ya kufikia UKIMWI, wengine miaka michache na wengine zaidi ya 15. Orodha ya wagonjwa kwa hiyo ni orodha ya maambukizi iliyopitishwa kwenye konvolusheni pana sana. Mwaka 1986 Ron Brookmeyer na Mitchell Gail walichapisha njia ya kurudi nyuma: kuchukua wagonjwa walioripotiwa Marekani, pamoja na makadirio ya muda kati ya kuambukizwa na kuugua, na kutafuta idadi ya maambukizi inayoweza kuwa imewazaa wagonjwa hao. Walikuwa waangalifu, wakakiita walichokipata kiwango cha chini kabisa cha janga, kwa kuwa aliyeambukizwa mwaka jana alikuwa karibu haonekani kabisa katika orodha yao.

Uangalifu huo haukuwa wa adabu ya kitaaluma tu. Vizidishi vyenyewe viliwalazimisha. Konvolusheni inayotapanya watu kwa zaidi ya miaka 10 inayaacha mawimbi ya polepole yapite, ila mawimbi ya haraka inayapunguza hadi karibu na kutoweka. Swali la kama maambukizi yalipanda katika muongo mzima lilikuwa na jibu. Swali la kama kampeni ya mwaka mmoja ilipunguza maambukizi mwaka huo halikuwa na jibu katika namba hizo. Waliojaribu kulijibu kwa kugeuza jedwali moja kwa moja walipata mistari inayoruka huku na huku, hata maambukizi hasi, jambo ambalo halina maana. Tiba iliyozoeleka ni kuilazimisha orodha ya maambukizi iwe laini, yaani kuyakataa mawimbi ya haraka tangu mwanzo. Sina ugomvi na tiba hiyo, mradi anayeitumia aseme wazi kwamba ulaini anaouonyesha ameuleta yeye, haukutoka katika takwimu.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo somo kubwa kuliko yote kwa mtu wa fani yako. Machi 1987 AZT, dawa ya kupambana na VVU, iliidhinishwa Marekani, na baada ya hapo matibabu yakaanza kuwachelewesha baadhi ya watu kufikia UKIMWI. Aliyeambukizwa 1978 na aliyeambukizwa 1984 hawakuwa tena na mgawanyo mmoja wa muda wa kuugua. Mwaka 1993 tafsiri ya ugonjwa wenyewe ilipanuliwa, ikajumuisha watu wenye VVU ambao chembe zao za kinga za CD4 zilikuwa chini ya 200 kwa mikrolita ya damu, na idadi ya wagonjwa walioripotiwa ikaruka mwaka huo bila virusi kubadili mwendo. Kwa lugha yako, operata ilikuwa imeacha kupatana na misogeo ya kalenda. Ukilisogeza janga miaka 5 mbele hupati daftari lile lile lililosogea miaka 5. Unapata daftari jingine. Tangu hapo vizidishi havipo tena, kwa sababu hakuna kundi linaloilinda operata, na kinachobaki ni jedwali la kawaida ambalo kila safu yake lazima ikadiriwe kwa jasho lake.

Afrika Mashariki haikuitegemea sana njia hiyo, kwa sababu inahitaji orodha ya wagonjwa iliyo karibu kukamilika, na orodha hiyo haikuwapo. Makadirio yetu yalijengwa zaidi juu ya vipimo vya damu vya wajawazito waliohudhuria kliniki, kisha baadaye juu ya tafiti za kaya. Utafiti wa kaya uliofanyika Tanzania 2016 na 2017 ulitumia pia kipimo cha maabara kinachotofautisha maambukizi ya karibuni na ya zamani. Naona jambo hili lina uzito kwako: pale ambapo hisabati ilisema kwamba habari ya maambukizi mapya imefutika, watu wa maabara walibadilisha kitu kinachopimwa, wakaacha kuhangaika na kugeuza operata.

Kundi la pili ambalo dada yako analifahamu ni dogo, lina vitu 7 tu: siku za juma, ambapo baada ya Jumapili inarudi Jumatatu. Wakati wa UVIKO-19 nchi nyingi ziliripoti wagonjwa wachache mwisho wa juma na wengi baada yake, na magazeti yakazoea kuchapisha wastani wa siku 7. Wastani huo ni konvolusheni. Wimbi lolote linalojirudia kila juma, na ambalo jumla yake ndani ya juma ni sifuri, linazidishwa kwa sifuri kamili. Ndiyo maana grafu ilitulia vizuri namna ile, na ndiyo maana pia mtu aliyepewa wastani peke yake hawezi kujua kama Jumapili walipimwa watu wengi au hawakupimwa kabisa. Ukimhifadhia mtafiti wa kesho wastani huo na kutupa namba za kila siku, umemfungia mlango. Kuhusu taarifa za mwezi za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya wa Tanzania, nitasema neno moja tu: miezi ina siku 28, 29, 30 au 31, hivyo msogeo wa mwezi mmoja si msogeo wa kweli wa kundi la siku, na Februari huonekana na afya njema kuliko inavyostahili iwapo hukugawanya kwa idadi ya siku.

Kuna makundi ambayo hayahusiani na wakati. Lile la vitu 4, linaloitwa kwa jina la Felix Klein, limekaa katikati ya moja ya majaribio makubwa ya dawa yaliyowahi kufanyika. Katika jaribio la ISIS-2, ambalo matokeo yake yalitoka 1988, watu 17,187 walioshukiwa kupata shambulio la moyo waligawanywa kwa bahati nasibu katika sehemu nne: aspirini peke yake, streptokinesi (dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda) peke yake, zote mbili, au vidonge na dripu visivyo na dawa. Waliokufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa katika majuma 5 ya kwanza walikuwa asilimia 13.2 kati ya wasiopata dawa yoyote, 10.7 kwa aspirini, 10.4 kwa streptokinesi, na 8.0 kwa waliopata zote mbili. Sehemu hizo nne ndizo vitu 4 vya kundi, na karakta zake ni safu nne za alama za kujumlisha na kutoa. Moja inatoa wastani wa wote, ya pili athari ya aspirini, ya tatu athari ya streptokinesi, na ya nne inatoa mwingiliano wa dawa hizo mbili: 13.2 ukitoa 10.7, ukitoa 10.4, ukijumlisha 8.0, inabaki 0.1. Karibu hakuna mwingiliano. Kila dawa ilifanya kazi yake bila kuisumbua nyenzake. Uzuri wa mpango huu, ambao Frank Yates aliufafanua kwa ajili ya mashamba ya majaribio kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, mwaka 1937, ni kwamba kila mgonjwa anatumika katika kila moja ya hesabu hizo nne, kwa hiyo swali la pili linajibiwa bila kuongeza wagonjwa. Sitakudanganya kwamba hapa kuna uchambuzi mzito wa operata. Ni uchambuzi wa Fourier katika umbo lake jepesi kabisa, na watakwimu waliufanya bila kuuita hivyo.

Kundi hilo hilo la vitu 4 linarudi mahali ambapo hungelitarajia, katika herufi nne za vinasaba, A, G, C na T. Mwaka 1981 Motoo Kimura alipendekeza mfano wa mabadiliko ya vinasaba wenye kasi tatu: moja ya A na G kubadilishana, sambamba na C na T, na nyingine mbili za aina zilizobaki. Kasi inategemea aina ya mabadiliko tu, haitegemei herufi uliyoanzia, na hiyo ndiyo maana ya kupatana na kundi. Mwaka 1993 Steven Evans na Terence Speed walionyesha jinsi uchambuzi wa Fourier kwenye makundi unavyorahisisha hesabu za koo za viumbe chini ya mifano ya namna hii. Koo hizo ndizo zinazotumika kufuatilia virusi: kazi iliyochapishwa 2014 iliuweka mwanzo wa janga la VVU Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, karibu na mwaka 1920, kwa kulinganisha vinasaba vya virusi vilivyokusanywa Afrika ya kati. Ila angalia kasoro. Mfano wa Kimura unadai kwamba mwishowe kila herufi iwe robo, nao VVU vina A nyingi, zaidi ya theluthi ya vinasaba vyote. Kundi limevunjika, na ndiyo maana mifano inayotumika sana leo inaruhusu herufi ziwe na wingi tofauti na kukubali hesabu ngumu zaidi kama gharama yake.

Usije ukavutwa ukadhani kila operata ya afya ina kundi nyuma yake. Operata iliyo maarufu kuliko zote, ile inayoonyesha kizazi kimoja cha maambukizi kinazaa kizazi kipi, na ambayo Odo Diekmann na wenzake waliipa msingi imara mwaka 1990 kama tafsiri ya namba ya uzazi ya ugonjwa, yaani watu wangapi mgonjwa mmoja huwaambukiza kwa wastani, kwa kawaida haina ulinganifu wowote. Watoto, wachuuzi wa sokoni na wahudumu wa afya hawabadilishani nafasi zao kama siku za kalenda. Huko utahitaji nadharia ya spektra, yaani ya vizidishi vya asili vya operata, na jedwali la namba zisizo hasi, na mapambo ya makundi yatakupotezea muda.

Basi dada yako akikuuliza tena, mwombe hesabu ya wagonjwa wa malaria kwa kila siku, bila majina wala namba za faili, na pembeni yake siku ambazo mgonjwa alisema homa ilianza. Kutokana na safu hizo mbili tafuta mgawanyo wa ucheleweshaji kati ya homa na daftari, mara moja kwa miezi ya masika na mara moja kwa kiangazi. Muulize pia tarehe ambazo vitendanishi viliisha, tarehe ambayo daftari jipya lilianza kutumika, na siku ambazo barabara ilikatika, maana hizo hazionekani katika namba. Ikiwa migawanyo miwili inafanana ndani ya mtikisiko wa bahati, kalenda inakuruhusu kutumia vizidishi, na unaweza kumkokotolea ni kwa kasi gani mlipuko unaweza kupanda na kushuka kabla daftari lake halijaanza kuuficha. Ikiwa haifanani, pengine kwa sababu mto ukijaa watu huchelewa siku 3 zaidi kufika hospitalini, basi weka karakta kando, kadiria jedwali msimu kwa msimu, na umweleze dada kwamba ndivyo ulivyofanya.